Kwa nini pepo alimtoka Robbie akamwingia Mack? (Agents of S.H.I.E.L.D., msimu wa 4, sehemu ya 7)

Nuru wa Makorora

Wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wenu kuhusu sehemu ya 7 ya msimu wa 4 wa tamthilia ya Agents of S.H.I.E.L.D., ile inayoitwa “Deals with Our Devils”, ambayo kituo cha ABC cha Marekani kilirusha mwishoni mwa Novemba 2016. Ninaitazama tamthilia hii pamoja na mdogo wangu wa kidato cha tatu, ambaye ana tabia ya kusimamisha picha kila baada ya dakika chache ili adai maelezo, na safari hii maelezo yenyewe yalinishinda.

Kwa wale ambao wameitazama zamani, nitakumbusha kwa ufupi. Katika sehemu ya 6, Eli Morrow, mjomba wake Robbie Reyes, anajipatia ule uwezo wa kuumba vitu alioutamani tangu alipokutana na Darkhold, kitabu cha uchawi, na katika vurumai hiyo Coulson na mwanasayansi Fitz, maajenti wa shirika la kijasusi la S.H.I.E.L.D., wanatoweka pamoja na Robbie. Wenzao wanaamini kwamba wamekufa. Sehemu ya 7 inatuonyesha kwanza msiba huo kama wenzao May, Mack, Daisy na Simmons wanavyouona, halafu inarudi nyuma na kutuonyesha saa zilezile kwa upande wa hao watatu, ambao kumbe wako palepale, wanawaona wenzao na kuwasikia, ila wao hawaonekani, hawasikiki, wala hawawezi kumgusa mtu. Wamenasa baina ya ulimwengu wetu na ulimwengu mwingine, na kadiri muda unavyopita wanazidi kuvutwa kwenda huko kwingine. Ni katika hali hiyo ndipo pepo wa kisasi, yule anayemfanya Robbie kuwa Ghost Rider, mtu mwenye fuvu linalowaka moto, anapomtoka na kumpanda Mack.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Tumeelezwa tangu mwanzo wa msimu kwamba Robbie aliweka mapatano na pepo huyu, na kwamba mapatano hayo ndiyo yaliyomrudisha duniani baada ya kufa. Ikiwa ni mapatano, vipi upande mmoja uyavunje kirahisi namna hiyo, kama mpangaji anayehama usiku bila kumuaga mwenye nyumba? Na ikiwa pepo alihitaji mwili tu, kwa nini achague mwili wa Mack, mtu mcha Mungu ambaye tangu alipomwona Robbie akiwaka moto amekuwa akisema waziwazi kwamba hataki kuwa karibu na mambo ya kishetani? Daisy alikuwepo, na Daisy ana hasira na majuto ya kumtosha pepo yeyote.

Mdogo wangu anaongeza swali lake: je, haya yaliyompata Mack ni yaleyale yaliyompata May katika sehemu za mwanzo za msimu, alipoguswa na mzuka akaanza kuona nyuso za watu zimegeuka za kutisha? Mimi nilimjibu kwamba ni vitu viwili tofauti, lakini nilipotakiwa kueleza tofauti yenyewe nikajikuta nababaisha.

Mtazamaji Mkongwe

Dada Nuru, salaam kwako na kwa huyo mdogo wako, ambaye kwa maoni yangu anatazama inavyopaswa.

Nianze na swali lake kwa kuwa ndilo jepesi. Yaliyompata May ni maradhi. Wale wanasayansi wa Momentum Labs, akina Lucy Bauer na wenzake, waligeuka mizuka kwa sababu ya jaribio la kimaabara, na mguso wao ulimwambukiza mtu hofu iliyomvuruga ubongo hadi akawaona wenzake kama maadui. Hakuna mtu mwingine aliyeingia ndani ya May. Ni May mwenyewe aliyekuwa akiogopa, akipigana kwa ustadi wake mwenyewe, na ndiyo maana tiba yake ilikuwa ya kitabibu: moyo wake ulisimamishwa kisha ukaamshwa tena, na Simmons akabaki na kibarua cha kumrudisha huku umeme ukiwa umekatika. Mack hakuambukizwa kitu. Mack alipandwa. Mwenye kuendesha mwili wake ni mwingine, mwenye nia yake, kumbukumbu zake na madeni yake ya zamani. Huwezi kumtibu kwa kumsimamisha moyo; unapaswa kuzungumza na aliyemo ndani.

Sasa tuje kwenye mapatano. Nadhani tatizo linatokana na kuyafikiria mapatano ya Robbie kuwa makubwa kuliko yalivyo. Turudi kwenye sehemu ya 6, “The Good Samaritan”, ambamo Robbie analazimika hatimaye kumweleza mdogo wake Gabe ukweli wa usiku ule. Walikuwa wamechukua gari la mjomba wao, ile Dodge Charger nyeusi, wakashambuliwa na genge lililodhani kwamba Eli ndiye aliyekuwa ndani. Gabe aliumizwa vibaya na mpaka leo anatembelea kiti cha magurudumu. Robbie alirushwa nje ya gari akafa barabarani. Akiwa katika kufa huko alimlilia mdogo wake, akasikia sauti ikimpa nafasi ya kulipiza kisasi, akaikubali, kisha likatokea umbo la mtu mwenye fuvu linalowaka, juu ya pikipiki, likamkabidhi moto. Angalieni kilichomo na kisichomo. Robbie alipewa uhai na nguvu za kuwaadhibu waliomtenda. Hakuna mahali ambapo pepo aliahidi kukaa naye milele, wala kuteremka naye shimoni.

Na shimoni ndiko Robbie alikokuwa akielekea. Kati ya hao watatu, yeye ndiye anayevutwa kwa nguvu zaidi, na yeye ndiye anayeyahisi mapema yaliyoko upande wa pili. Fitz anaikabili hali hiyo kama fundi anayetafuta kipimo. Coulson, aliyewahi kufa na kurudishwa, anaichukulia kwa utulivu ambao mimi huuona ni wa mtu aliyekwisha kuzoea. Robbie anaogopa kweli, kwa sababu anakijua kinachomngoja. Hapo ndipo pepo anapomtoka. Kwa tafsiri yangu, pepo huyu alitoka katika ulimwengu ule wa moto na hana hamu ya kurudi kabla kazi yake haijaisha, kwa hiyo alipoona kiti chake, yaani mtu anayempanda, kinazama alitafuta kiti kingine kilichobaki upande wa walio hai. Hakuyavunja mapatano kwa chuki. Aliona tu kwamba Robbie hana tena uwezo wa kuyatekeleza.

Kuhusu Mack, usiutazame ucha Mungu wake. Tazama alichoficha. Msimu huu unatufahamisha kwamba Mack aliwahi kuwa baba wa mtoto wa kike, Hope, aliyefariki siku chache tu baada ya kuzaliwa, na kwamba jambo hilo alilifungia moyoni kwa miaka mingi. Daisy ana uchungu, ndiyo, lakini wa kwake umekwisha kutoka nje: alikimbia, akavunja mabenki, akawawinda Watchdogs, lile kundi linalowachukia watu wenye nguvu zisizo za kawaida, akajiumiza mikono kwa kutumia nguvu zake za mitetemo bila kinga. Mtu wa namna hiyo amekwisha kujilipizia kisasi kiasi fulani. Mack hakuwa na wa kumlipizia. Mtoto anapokufa kwa ugonjwa hakuna genge la kulifuata wala mjomba wa kumchoma moto, na hasira isiyo na wa kuielekezea ndiyo mahali pazuri pa pepo wa kisasi kuweka makao. Ndiyo maana mwili wa Mack ulimfaa mara moja, bila kusitasita, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kutafuta watu waovu wa kuwachoma.

Fundi wa Runinga

Nakubaliana na mengi aliyoyasema Mzee Mkongwe, ila naomba niingize swali la kihuni kidogo. Watu watatu wasioweza kugusa chochote wanasimamaje sakafuni? Wanapandaje ndege pamoja na wenzao na kubaki ndani yake inaporuka? Kwa haki, kama kila kitu cha ulimwengu wetu kinawapita, ndege ingeondoka na kuwaacha wakining’inia hewani.

Jibu la kweli ni kwamba waandishi walihitaji wawepo ndani ya vyumba, na hakuna tamthilia ya mizuka duniani iliyowahi kulimaliza swali la sakafu. Mimi husamehe, kwa sababu hila hiyo inalipa. Tazama tena lile tukio la Simmons kuchukuliwa kwa amri ya Mkurugenzi Mace na kupelekwa mahali asipopajua. Mara ya kwanza tunaliona kama tukio la kikazi, la haraka, lenye kuudhi kwa sababu mwanamke anaondolewa kundini wakati mpenzi wake haonekani. Mara ya pili Fitz yupo pale, karibu kabisa na uso wake, anasema naye na hasikiki, na mwanamke anaondoka. Maneno ya Simmons hayakubadilika hata herufi moja, wala sura yake haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali tulipo sisi. Sijui mwongozaji alipanga vipi nafasi ya kamera, ila ukirudi kuitazama ile mara ya kwanza utaona jinsi pembeni mwa fremu palivyoachwa wazi kana kwamba pana mtu.

Bajeti pia ina mchango wake. Fuvu linalowaka moto ni kazi ya kompyuta na ni ghali, na tamthilia hii haikuwa na fedha za sinema. Kurudia matukio yaleyale kwa macho mengine ni njia ya busara ya kubana matumizi huku ukipata hadithi iliyo nzuri zaidi.

Bi Shani, Unguja

Wanangu, nimewasoma kwa furaha. Mimi si mtu wa komiki, nilianza kuitazama tamthilia hii kwa sababu ya mjukuu, lakini mlipofika kwenye mapatano na pepo mmefika kwenye jambo ninalolijua, kwa kuwa nimekulia katika mtaa ambao ngoma za pepo hazikuwa hadithi za kusimuliwa.

Kwetu, mtu akipandisha, hakuna anayeanza kwa kupambana na pepo. Kwanza huulizwa yeye ni nani, ametoka wapi na anataka nini. Huyo anayepandwa tunamwita kiti, na pepo husema kwa kinywa cha kiti, mara nyingi kwa sauti na lafudhi isiyo yake. Wapo wanaotaka nguo ya rangi maalumu, wapo wanaotaka pete, wapo wanaotaka kuchezewa ngoma yao. Pepo wa kibuki, wanaosemekana kutoka Bukini, yaani Madagaska, hutaka brandi yao na heshima yao ya kifalme. Anayeongoza mazungumzo ni mganga, jamaa wakiwapo, na kiti chenyewe, akishazinduka, aghalabu hukuambia hakumbuki kitu. Mambo yakienda vizuri pepo hafukuzwi. Hukubaliwa kwa masharti, akawa anakuja kwa wakati wake na kumwacha mtu aishi.

Sasa tazameni alivyofanya Robbie. Pepo yuko ndani ya Mack, anayekimbia juu ya pikipiki akielekea kuua, na Daisy anamfuata bila kujua atamzuiaje. Hakuna mganga, hakuna jamaa, hakuna ubani. Anayesimama mbele ya pepo na kusema naye ni kiti chake cha zamani, tena kiti kilichokwisha kuwa kama mzuka, ambacho hata Daisy aliye hatua chache tu hakioni. Kiti kimegeuka mganga! Jambo hilo sikuwahi kuliona wala kulisikia popote, nikamwambia mjukuu wangu asimamishe picha ili nilitafakari.

Na angalieni alichomwahidi. Hakumpa nguo wala kafara. Alimwambia, kwa maana yake, kwamba akimrudia na kumsaidia kumkabili Eli, basi baada ya hapo yeye Robbie atazimaliza hesabu zote ambazo pepo anazidai, na si zake tu. Pepo wetu wa pwani hutaka kutunzwa. Huyu anataka kufanyiwa kazi. Ndiyo maana namwona ni pepo mgumu zaidi, kwa sababu anayetaka pete utampa pete akatulia, lakini anayetaka kulipiza visasi vya watu wote waliodhulumiwa hatatulia mpaka dunia iishe, na yule kijana amejifunga kwake kwa kinywa chake mwenyewe ili Mack aokoke.

Hapo natofautiana kidogo na Mzee Mkongwe. Yeye amesema Mack alifaa kwa sababu ya uchungu aliouficha, nami nakubali kwamba alifaa. Lakini kufaa siyo kukubali. Kila mara Robbie alipokuwa akigeuka, palikuwa na neno lake la ndiyo nyuma yake. Kwa Mack hapakuwa na ndiyo. Alivamiwa. Naona waandishi walitaka tuhisi tofauti hiyo, kwa sababu mwili wa Robbie ukiwaka tunashangilia, na mwili wa Mack ulipowaka, mimi angalau, sikushangilia.

Nuru wa Makorora

Shikamoo Bi Shani, na ahsanteni nyote. Maelezo ya kiti kuwa mganga nimemsomea mdogo wangu, akanyamaza, jambo ambalo ni nadra.

Ila mmenifungulia mlango mwingine. Kama Mack alipandwa bila kukubali, basi pepo huyu hahitaji ruhusa ya mtu. Na kama hahitaji ruhusa, ahadi ya Robbie ina thamani gani kwake? Angeweza kukaa ndani ya Mack, mtu mwenye nguvu, mwenye mwili mkubwa, aliye upande wa walio hai, na kumwacha Robbie azame. Kwa nini aliona afadhali kurudi kwa kijana ambaye alikuwa tayari amemtupa? Isije ikawa waandishi walimrudisha kwa sababu tu Gabriel Luna ndiye aliyeajiriwa kuwa Ghost Rider wa msimu.

Naomba pia mtu anieleze nafasi ya Aida. Mimi nilidhani yule roboti yuko humo kwa ajili ya hadithi nyingine kabisa.

Kijana wa Likoni

Naomba kujibu hili la mwisho la Dada Nuru, kwa sababu nimeitazama tamthilia hii yote, misimu 7, na sehemu hii ya 7 nimeirudia kuliko nyingine yoyote. Natanguliza tahadhari: nitagusa mambo ya mwisho wa msimu wa 4 na yanayofuata katika msimu wa 5, kwa hiyo asiyetaka kuyajua mapema aruke ujumbe huu.

Pepo anaweza kumvamia mtu asiyekubali, na sehemu hii imelithibitisha. Lakini angalia alichokipata kwa kumvamia. Mack alikuwa gari lisilo na dereva anayeshirikiana. Pepo alitumia uchungu wake kama kuni, akaenda kutafuta wahalifu wa karibu, na kazi aliyoifanya ilikuwa ya ovyoovyo, haina mpango, haina adui mkuu. Kwa Robbie alikuwa na mtu ambaye kisasi chake kinamhusu Eli, na Eli ndiye aliyekuwa hatari kubwa kuliko wote wakati huo. Robbie hakuwa akimpa pepo mwili tu. Alikuwa akimpa shabaha. Kwa hiyo ahadi ile haikuwa ruhusa, ilikuwa ni utumishi, na utumishi wa hiari una manufaa ambayo uvamizi hauna. Sioni sababu ya kumlaumu mwandishi hapo.

Ushahidi wangu mkubwa uko katika sehemu ya 22, “World’s End”, iliyorushwa Mei 2017. Robbie anarudi kutoka upande wa pili kumtafuta Aida, ambaye wakati huo ameshajitengenezea mwili wa binadamu kwa elimu ya Darkhold na hakuna silaha ya kawaida inayomweza. Tunapodhani kwamba Robbie ndiye atakayemmaliza, anayewaka moto mbele ya Aida anakuwa Coulson. Kumbe Coulson ameweka mapatano yake mwenyewe na pepo, kwa muda mfupi, kwa kazi moja. Aliyetazama sehemu ya 7 kwa makini hakushangaa kwamba jambo hilo linawezekana, kwa kuwa pale kwa Mack ndipo tulipofundishwa kwamba pepo huyu anahama. Bila Mack, mwisho wa msimu ungeonekana umetungwa kwa kubahatisha. Nani kati yetu angeamini kwamba moto wa Robbie unaweza kuazimwa?

Na bei ikalipwa. Coulson aliwahi kufa kabla ya tamthilia kuanza, akarudishwa kwa dawa iliyotokana na mwili wa mgeni wa jamii ya Kree. Katika msimu wa 5 tunafahamu kwamba moto wa pepo uliiunguza dawa hiyo mwilini mwake, kidonda chake cha zamani kikaanza kumla, naye alilijua hilo kabla hajakubali. Kwa hiyo ukiwapanga wote watatu unapata picha kamili: Robbie alikubali akiwa amekwisha kufa na hana la kupoteza isipokuwa mdogo wake, Mack hakuulizwa, akaachiwa akiwa hai lakini ametikiswa, Coulson alikubali akijua bei. Jina la sehemu hii linataja mapatano kwa wingi na mashetani kwa wingi, na mimi naamini wingi huo ni wa makusudi.

Hapa ndipo Aida anapoingia. Wakati Mack anawaka moto, May amempelekea Dkt. Radcliffe, mwanasayansi aliyemuunda Aida, kitabu cha Darkhold ili kitafutwe humo njia ya kuwarudisha waliopotea. Radcliffe anajaribu kukisoma naye anazidiwa, kama wanadamu wote wanavyozidiwa na kitabu hicho. Eli alitamani uwezo wake akawa muuaji wa wenzake. Ndipo wanapoamua kumpa Aida, wakiamini kwamba mashine haina tamaa ya kushikwa nayo. Aida anakisoma bila kutikisika, anajenga mlango, na mlango unafanya kazi. Kwa hiyo katika sehemu moja tunaona upagawaji wa namna mbili kwa wakati mmoja: mmoja una moto, kelele na pikipiki, kila mtu anauona na kuuogopa, mwingine umekaa kimya maabara, una sauti ya upole na unasaidia. Mwishoni kabisa tunamwona Aida akiwa peke yake, akitengeneza kitu kinachofanana na ubongo kwa elimu aliyoipata humo, na hakuna aliyemwagiza. Yule wa moto alirudi kwa mwenyewe ndani ya sehemu hiyohiyo. Huyu wa maabara ndiye aliyewatesa msimu mzima.

Kwa wapenzi wa komiki, niongeze dogo. Robbie Reyes alianza kuchapishwa mwaka 2014, akibuniwa na Felipe Smith na mchoraji Tradd Moore, na katika komiki hizo anayempanda ni roho ya mjomba wake mwenyewe, Eli Morrow, muuaji aliyekufa. Watu wa runinga wakamtenganisha Eli na pepo, wakamfanya Eli kuwa mtu hai wa kuwindwa na pepo kuwa kiumbe wa kale anayehama kutoka kwa mtu hadi mtu. Wengi walilalamika wakati ule. Mimi naona mabadiliko hayo ndiyo yaliyowezesha sehemu ya 7, maana mjomba aliyekufa asingekuwa na haja yoyote ya kumwingia Mack.

Mtazamaji Mkongwe

Kijana wa Likoni ameniongezea jambo ambalo nilikuwa nalipapasa tu. Nashikilia hata hivyo kwamba pepo aliogopa. Hoja ya shabaha inaeleza kwa nini alirudi kwa Robbie. Haielezi kwa nini alimtoka kwa ghafla vile. Aliyekuwa na shabaha nzuri hakuwa na sababu ya kuiacha isipokuwa kama alihofia kuburutwa huko chini pamoja na kiti chake.

Na kwa Bi Shani: shikamoo Bibi. Suala la kukubali na kufaa nimelipokea. Nadhani ndilo linaloeleza kwa nini Mack, katika sehemu zinazofuata, anaonekana mtu aliyeibiwa kitu ambacho hawezi kukitaja.

Fundi wa Runinga

Nami nasema hakuogopa, ila tutabishana siku nyingine. Nasikitika tu kwamba ule mpango wa Hulu wa kumpa Robbie tamthilia yake mwenyewe, uliotangazwa mwaka 2019, ulifutwa mwaka huohuo. Pengine humo pepo angeulizwa hadharani.

Nuru wa Makorora

Ahsante sana Kijana wa Likoni. Nimeusoma ujumbe wako peke yangu na sitamwonyesha mdogo wangu mpaka tumalize msimu, maana akijua habari ya Coulson mapema atanisumbua kila tukio. Sasa nataka kumwandalia sehemu ya 8. Kuna jambo la kulitazama zaidi humo kuhusu hawa waliopandwa, au hadithi ya pepo inaishia hapa?

Kijana wa Likoni

Haiishii hapo. Sehemu ya 8 inaitwa “The Laws of Inferno Dynamics”, na ndiyo inayofunga theluthi ya kwanza ya msimu, ambamo Robbie anamkabili Eli kama alivyoahidi. Mwambie mdogo wako asimamishe picha pale Fitz anapoanza kutilia shaka kwamba Eli anaumba vitu kutokana na hewa tupu, ajiulize vinatoka wapi, kisha mkumbuke ni wapi hasa Fitz mwenyewe alikuwa amenasa siku iliyopita.